Foleni ya Pantoni: Siku za Kuzurura Tanga na Pangani

Ijumaa, Tanga mjini

Basi la Dar limetushusha stendi ya Kange jua limeshapoa, tukadandia daladala hadi Ngamiani. Nimefuatana na binamu yangu, mchoraji wa mabango wa Temeke. Kazi zake zimepungua tangu mashine za kuchapa mabango ya plastiki ziingie mitaani. Mwenye duka siku hizi anataka picha yake mwenyewe iliyong'arishwa kwenye kompyuta, na bango liwe limetundikwa kabla ya magharibi. Kasikia kwamba huku brashi bado inalipa, hasa Pangani kwenye mashua, akasema twende akaone kwa macho. Mimi shida yangu ilikuwa mkate wa kumimina. Hapo tukaafikiana.

Ngamiani mitaa imenyooka na inaitwa kwa namba: Barabara ya Nane, ya Tisa, ya Kumi. Mwenyeji akikuelekeza anakutajia namba tu, kilichobaki uhesabu kwa miguu yako. Nyumba nyingi ni zile za Kiswahili, za chini, paa la bati na kibaraza mbele ambacho jioni hii hakuna kilichokaa kitupu. Ardhi ni tambarare, ndiyo maana Tanga ina sifa yake ya baiskeli. Mzee wa kanzu katupita taratibu na mkungu wa ndizi nyuma. Kwenye kipande cha mpira kilichoning'inia juu ya tairi pameandikwa kwa rangi nyeupe SUBIRA, herufi R imegeuka kidogo kama inataka kushuka.

Binamu alisimama muda mrefu mbele ya saluni moja ya kinyozi karibu na soko. Ukutani pamechorwa vichwa sita, kila kimoja na mkato wake na namba yake, ili mteja aseme "nataka namba nne" bila maelezo. Mimi niliona vichwa. Yeye aliona masikio.

"Huyu fundi hajui sikio," alisema. "Kalikwepa. Vichwa vyote vimetazama mbele lakini sikio ni moja tu, tena liko shavuni. Ila tazama alivyopaka nywele. Hii ni sponji. Kachovya sponji kwenye rangi nyeusi akagonga gonga. Hilo sijawahi kulifikiria."

Kinyozi akatoka na mkasi mkononi kuuliza kama tunanyoa au tunakagua.

Huwa nawasikia watu wakisema kwetu hakuna sanaa ya mtaani, maana wanatafuta kuta ndefu zilizopuliziwa rangi ya makopo, zile za kwenye picha za Ulaya. Nadhani wanatazama pasipo penyewe. Edward Saidi Tingatinga, yule ambaye picha za tingatinga zinaitwa kwa jina lake, kabla hajafika Dar na kuanza kuchora, alipitia huku Tanga miaka ya 1950 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alipokuja kuchora alitumia vipande vya mbao za kubana na rangi ya mafuta, ile ile inayopakwa baiskeli. Sitasema ujuzi huo aliutoa hapa. Lakini ukikaa Ngamiani nusu saa tu, rangi ya baiskeli inakupita mbele kila dakika.

Chakula sasa. Mama wa mkate tulimpata kwa kufuata harufu ya hiliki. Anaoka kibarazani kwake, majiko mawili ya mkaa, sufuria pana za chini. Mchele ulioloweshwa tangu asubuhi ameshausaga na tui zito, sukari na hamira, na uji wake umeumuka vya kutosha hadi unatoa mapovu. Anapaka mafuta sufuria, anamimina, anangoja matundu yatokee juu, kisha anafunika na kuhamishia makaa juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu. Siri yote, anavyosema, ni kujua lini upunguze wa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnakula hapa au niwafungie?"

"Hapa hapa, mama."

"Basi kaeni. Anayesimama hali mkate wangu, mwaya, atamwaga makombo kwenye mkaa."

Tukakaa. Kingo zimekauka na kushika rangi, katikati laini, yenye matundu, tui limejaa. Tulikula mzima tukaagiza mwingine wa njiani ambao haukufika hata nyumba ya wageni. Baadaye tulipita kwa muuza pweza, kikombe cha supu yenye ndimu na pilipili, lakini nitasema ukweli: baada ya ule mkate supu ilikuwa ya kupitishia tu.

Jumamosi, Pangani

Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50. Tongoni tuliteremka kwa saa moja kuona magofu: msikiti wa zamani na makaburi yanayopindukia 40, mengi yakiwa ya nguzo, ambazo nyingi zimeshaanguka. Bahari iko karibu sana. Hapakuwa na mtu isipokuwa msimamizi na kuku wake. Tukaendelea.

Pangani ni mji uliojibana kati ya mto na bahari, na ukishuka kwenye gari miguu yenyewe inakupeleka mtoni. Mto huu umeanzia mbali, Kilimanjaro na Meru, ukapita bwawa la Nyumba ya Mungu, ukazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ile ya maporomoko ya Pangani, umetembea kama kilomita 500, na hapa unamalizikia: maji ya rangi ya udongo, mapana, yanayokwenda haraka kuliko yanavyoonekana. Ng'ambo ni Bweni, kilima cha minazi. Katikati inapita pantoni.

Mji mzima wa mtoni umejengeka juu ya jambo moja: watu wanasubiri. Pantoni ikiwa ng'ambo, huku foleni inajaa: fuso la nazi, pikipiki, gari la watalii wanaokwenda Ushongo, wanafunzi, mama na kapu la samaki, mtu na mbuzi wake. Na mtu anayesubiri ananunua. Nilihesabu kwa macho, sikuona hatua kumi bila mtu anayekaanga kitu. Mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa katikati na kupakwa chumvi na pilipili ya ndimu. Vitumbua. Bagia na kachori kwenye kabati la kioo. Vibua wakavu wa kukaanga waliopangwa kwenye sinia, vichwa vyote upande mmoja. Madafu. Na kahawa chungu, birika la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo vinavyosuuzwa kwenye ndoo, na kashata ya nazi pembeni.

Muuza mihogo, mama wa makamo aliyejitanda kanga ya HASIDI HANA SABABU, ana utaratibu wake. Hachomi kwa wingi. Anatazama mto. Pantoni ikiondoka Bweni ndipo anaweka vipande vipya kwenye wavu, na ikigusa ukingo vinakuwa tayari, vina moto, na abiria wanaoteremka wanavikuta pamoja na wanaopanda. Nilimuuliza nani alimfundisha hesabu hiyo.

"Njaa, mwanangu," akasema, akageuza muhogo.

Kabla ya adhuhuri tulipanda kutazama Boma. Lilijengwa 1810 na tajiri wa Kiarabu kutoka Oman, Wajerumani wakaliongezea, na kwa muda mrefu limekuwa ofisi za wilaya. Milango yake ya nakshi ndiyo iliyomshika binamu; alipitisha kidole kwenye kila ua na mnyororo uliochongwa pembezoni, mpaka mlinzi akakohoa. Wazee husimulia kwamba watumwa walifukiwa hai chini ya nguzo zake ili jengo lisitikisike. Sina cha kuongeza hapo, ila nilitoka ndani nikijua ninakanyaga wapi.

Mitaa ya chini, upande wa Uhindini, kuna majumba ya ghorofa ya wafanyabiashara wa zamani, duka chini, roshani ya mbao juu. Mengine yamekatika roshani. Plasta ikibanduka unaona mawe ya matumbawe, na juu ya plasta iliyobaki watu wameendelea na maisha: tangazo la soda lililofifia, namba ya simu ya fundi bomba, jina la timu, goli lililochorwa kwa mkaa na watoto, mistari mitatu tu. Kwenye ukuta wa mgahawa mmoja pamechorwa sahani ya wali na samaki mzima, jicho la samaki limewekwa nukta nyeupe ndogo inayomfanya aonekane anakutazama. Binamu aliutukuza mchoro huo kuliko Boma. "Nukta ile," alisema, "ndiyo kazi. Mengine yote ni kujaza rangi."

Tulikula humo humo. Wali wa nazi, kamba wa mchuzi, kisamvu. Samaki wa ukutani alikuwa mkubwa kuliko wa sahani, lakini hilo ni jambo la kawaida.

Historia ya hapa haiko mbali na meza za chakula. Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kupandisha bendera yake mji huu. Mwakilishi wake alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpachika jina la Nyundo, na jina linaeleza mwenendo wake. Watu wa Pangani wakakataa, na vita vikaenea pwani nzima chini ya Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa; wakati huo kingo za mto huu zilikuwa mashamba ya miwa na viwanda vya sukari guru, kazi ikifanywa na watumwa. Kwa hiyo ukiona Abushiri anasimuliwa kama shujaa mtupu, kumbuka na wale waliokuwa wakikata miwa yake. Alinyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Nyundo naye hakuzeeka: Wahehe wa Mkwawa walimuua Lugalo, ile ya Iringa, mwaka 1891.

Habari hizi mzee wa kahawa anazo zote, na anazisimulia huku anamimina. Tatizo lake ni moja, pantoni ikifika anakatiza katikati ya vita na kukimbilia wateja.

Alasiri tukaenda kwenye mashua. Ndiko alikokuwa akitaka kufika binamu tangu Dar.

Zimevutwa juu ya mchanga, zimelalia ubavu. Mafundi wawili walikuwa wanapiga kalafati: pamba iliyochovywa mafuta inasukumwa kwenye nafasi za mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti, tok, tok, mpaka maji yasipate pa kupita. Mashua iliyokwisha inapakwa rangi, na hapo ndipo majina yanapoandikwa. MOLA NISITIRI. RIZIKI. MAMA YETU. Moja imeandikwa USINIJARIBU pande zote mbili, na mwenyewe ni kijana mnyenyekevu anayeongea kwa sauti ya chini. Kwenye omo nyingi, yaani pua za mashua, pana duara au nyota ya rangi mbili, bluu na nyeupe, nyekundu na njano. Binamu akaanza kuuliza: rangi gani inahimili chumvi, wanaanza na mkono wa kwanza wa nini, brashi ya manyoya au ya plastiki. Walimjibu kwa adabu ya mafundi, maana yake walimpa nusu ya jibu na nusu wakaificha.

Jumapili, Bweni

Pantoni ya asubuhi. Nauli ya mtu wa miguu ni sarafu tu. Safari yenyewe ni fupi mno, mtu aliyeanza simulizi Pangani anaimalizia Bweni akiwa wima. Lakini katikati ya mto upepo unabadilika, unatoka bahari, na ukigeuka unauona mji wote kwa mara moja: paa za bati zenye kutu, mnara wa msikiti, minazi, na moshi wa vitumbua umesimama juu ya ukingo.

Bweni kumetulia. Ukipanda kilima unaona mdomo wa mto, maji ya udongo yanavyoingia bahari ya kijani na kukataa kuchanganyika kwa muda. Nyuma ya kilima, kusini, ndiko Kikogwe. Mwaka 1893 daktari mmoja wa kilimo, Mjerumani Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika safari ni 62, na ikapandwa huko. Mkonge wote uliotajirisha Tanga, na kuwaleta maelfu ya manamba, vibarua wa mashamba, kutoka bara, ulianzia kwenye vichipukizi hivyo. Nilitaka twende, binamu akakataa katakata: kesha kuona mkonge dirishani jana, mkonge haujachorwa.

Tukakodi mtumbwi. Kijana wa mtumbwi alitupandisha mtoni kwa kufuata maji kujaa, mikoko pande zote, kaa wakikimbilia mashimo yao. Alisema babake alikuwa akichota maji ya kupikia mahali ambapo leo ukionja unatema. Sababu haina uchawi: maji yanayotoka juu yamepungua kwa ajili ya mabwawa na umwagiliaji, mto umekosa nguvu ya kuisukuma bahari, na bahari inapanda ndani. Minazi ya ukingoni inaonyesha. Mingine imesimama bila kichwa.

Tuliporudi ng'ambo ya mji tulikuta barazani pa kahawa pamechafuka. Mada ni daraja. Daraja la mita 525 linalojengwa kuvuka Pangani, kwenye barabara ya pwani inayotoka Bagamoyo kupitia Saadani, litaondoa haja ya pantoni, na kila mtu ana lake.

"Mimi nimeshamwambia mume wangu," alisema mama wa mihogo, "gari lisiposimama nitamuuzia nani? Upepo?"

"Mama, watasimama tu," alisema bodaboda mmoja. "Mtalii lazima ale."

"Mtalii anapiga picha ya muhogo, haununui."

Watu wakacheka. Kijana wa mtumbwi hakucheka. "Nyie mnaongelea biashara, sawa. Mke wa kaka yangu alishikwa na uchungu usiku akiwa Bweni, pantoni imelala. Tulimvusha kwa mtumbwi, mvua inanyesha, tochi ya simu. Mimi daraja nalitaka jana."

Pakawa kimya kidogo, kisha mama wa mihogo akasema, "Hapo sina neno, mwanangu," na akampa kipande bila kudai pesa.

Mimi mgeni naipenda pantoni, lakini ni rahisi kuipenda foleni ukiwa huna mgonjwa. Kinachonishughulisha ni kingine: Je, kuna mtu amefikiri wapi hawa akina mama watahamishia majiko? Mwishoni mwa daraja pakitengwa kibanda, choo, maji na sehemu ya gari kuegesha, biashara itahama nao. Pasipotengwa, vitabaki vioski viwili vya soda baridi na biskuti, kama ilivyo kwenye barabara kuu nyingi.

Na sasa habari ya binamu. Wakati sisi tunabishana alikuwa amekwenda zake kwenye mashua. Nilimkuta amepiga magoti, shati kalifunga kichwani, mwenye USINIJARIBU kamsimamia. Jina lilikuwa limefifia ubavu wa kulia, ameombwa alirudie. Alikuwa ameshapiga uzi wa chaki kupata mstari ulionyooka, lakini ubavu wa mashua umepinda, kwa hiyo mstari ulionyooka unaonekana umelegea. Aliufuta. Akapiga wa pili, akaukunja kidogo kwenda juu kufuata ubao, akarudi nyuma hatua tano, akatazama, akarudi tena. Ndipo akachora herufi kwa penseli ya seremala, U nene, S yenye tumbo, akaacha nafasi ndogo kati ya N na I ambayo fundi wa kwanza aliisahau. Watoto walikuwa wamemzunguka wanasoma kwa sauti kila herufi inapokamilika. Alipofika kwenye R mafundi wa kalafati waliacha kugonga, wakaja kutazama. Mkubwa wao akamnong'oneza jambo kuhusu rangi, nadhani ile nusu ya jibu iliyokuwa imefichwa jana.

Alimaliza giza linaingia. Kivuli cha njano chini ya herufi nyekundu, na kwenye nukta ya I kaweka jicho, jeupe na jeusi, lile la samaki wa mgahawani. Malipo: pesa kidogo na changu wawili, ambao tulichomewa pale pale kwa makuti, tukala na ugali wa muhogo na chachandu kali hadi machozi.

Jumatatu

Nimeondoka peke yangu. Binamu kabaki, mwenye mashua ya MAMA YETU naye anataka jicho.

Tanga nilipitia tena kwa yule mama wa mkate, nikafungiwa miwili kwenye gazeti, nikapanda basi la mchana. Muheza wauza machungwa walivamia madirisha, nikanunua mfuko ambao sikuuhitaji. Tulipokuwa tunakaribia Segera simu ikaita. Bajaji mbili zimejitokeza, na mgahawa wa samaki unataka sahani mpya ukutani, safari hii na kamba. Nimtumie kwa basi la kesho brashi nyembamba namba mbili, kopo moja la nyekundu, na sponji.